Mkono wa Kuchagua Mbegu

Siku niliyoagwa ofisini, vijana wa idara yetu walinipa blanketi, saa ya ukutani na kazi. Blanketi nalitumia. Saa sijaitundika, maana nani anastaafu ili akae akitazama saa? Kazi yenyewe ndiyo hii: walitaka niandike jinsi tulivyofanya kazi ya kilimo nyanjani kabla hazijaja simu za kupiga picha majani yenye ugonjwa. Nilikubali kwa sharti kwamba sitaandika habari za vyeo. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara ulikuja ulipokumbuka. Nitaandika habari za matope, kwa sababu hayo hayakuchelewa hata siku moja.

Nilihamishiwa upande wa Dagoretti mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikitoka kwetu Machakos, ambako nilikuwa nimezoea wakulima wanaongoja mvua na kuisengenya isipokuja. Barua ya uhamisho niliifuata mjini, katika jumba ambalo lifti yake ilikuwa imekufa zamani. Nikapanda ngazi kwa viatu vya kisigino nilivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Karani alinitazama miguu kabla hajanitazama uso.

"Madam, hizo viatu unapeleka wapi?" akaniuliza. "Huko unaenda ni machinjio na matope."

Hakukosea hata kidogo. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, na upepo ukigeuka, harufu ya machinjioni iliingia bila kubisha. Baadaye niliipenda harufu hiyo, maana wakulima wa kule walichota samadi kwenye mazizi ya ng'ombe wanaongoja kuchinjwa, na mahali ilipofika samadi ile, sukuma wiki ilikuwa na majani mapana ajabu. Siku ya kwanza, hata hivyo, nilitamani kulia.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, mwenye mapenzi makubwa kwa chai. Alinipa gambuti zilizoachwa na afisa aliyenitangulia, mwanamume wa miguu mikubwa. Nilipolalamika, aliendelea kukoroga chai yake.

"Dada Mueni, mchagua jembe si mkulima," akasema. "Jaza magazeti mbele."

Nikajaza magazeti. Siku hiyohiyo pia nikapata jina. Wakulima wa kule walimwita kila afisa wa kilimo Bwana Shamba, na hawakuona sababu ya kubadilisha eti kwa kuwa safari hii amekuja na rinda. Nyumba ya kwanza niliyoingia, mzee mmoja alimpigia mkewe kelele jikoni: "Leta kiti, Bwana Shamba amekuja! Ni mwanamke!" Niliitwa Bwana Shamba mpaka nilipostaafu, na siku hizi jirani akiniita kwa jina langu huwa nachelewa kuitika.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Nilikuwa na kamba ya kupandia yenye mafundo, kila fundo shimo moja, ambayo nadhani imenyoosha mistari ya mahindi kuliko wahubiri walivyonyoosha watu. Nilikuwa na lenzi ndogo ya kutazamia wadudu. Na nilikuwa na kisu cha kukunja, cha mpini wa mti, alichonipa Bwana Wafula, cha kupasulia mashina kuona kama ndani mna kiwavi. Kisu hicho ninacho hadi leo, na kitarudi katika habari hii.

Lakini zaidi ya vifaa, Bwana Wafula alinipa kanuni mbili, na ningependa vijana mzishike hata mkisahau mengine yote. Ya kwanza: shambani kwa mtu, mwenye shamba hutangulia. Hata kama amepanda mawe, wewe tembea nyuma yake, uone anachokuonyesha na uone anachokiruka. Ya pili: ulichokiona ndani ya ua wa mtu, kiache ndani ya ua wake. Mkulima anayejua kwamba aibu yake itafika kwa jirani kabla ya jioni hatakuonyesha ugonjwa, atakuonyesha maua.

Hiyo ya pili ilikaribia kunitoa machozi katika kesi ninayotaka kuieleza.

Wakati ule kazi yetu kubwa ilikuwa kueneza mahindi ya mbegu chotara, haibridi kama kila mtu alivyoyaita. Nitaeleza kama nilivyojifunza kueleza, kwa kuwa nilichukua muda kujifunza. Watafiti huchukua koo mbili za mahindi zisizofanana, wakazioza. Watoto wa ndoa hiyo hutoka na nguvu nyingi, na wote hufanana, ndiyo maana shamba lao hupendeza macho. Ila ukichukua punje za watoto hao ukazipanda tena, wajukuu hawafanani. Huyu anamrudia babu mrefu, yule anamrudia bibi mfupi, na mwingine anamrudia mtu ambaye ukoo mzima ulitaka kumsahau. Kwa hiyo mbegu hiyo hununuliwa upya kila msimu.

Sisi maafisa tulifupisha yote hayo kuwa maneno matatu: mbegu chotara hairudiwi. Tuliyabandika ukutani, tukayasema kwenye mabaraza, kisha tukashangaa mbona hatusikilizwi. Mkulima akiambiwa "hairudiwi" bila kuambiwa kwa nini, anachosikia ni sauti ya mwenye duka. Na maduka yenyewe yalikuwa na mambo yake. Nilikuwa nikienda Ngara, kule madukani mjini, kutazama mbegu zinavyouzwa, na nimewahi kuona mahindi ya kupika ugali yamepakwa rangi, yamemwagwa kwenye karai, yanapimwa kwa kikombe, na muuzaji anaapa kwa mama yake. Ukimwambia mtu aliyepanda rangi ile kwamba arudi dukani, usitegemee akukaribishe chai.

Sasa, kwenye mteremko ulio kati ya Dagoretti na Kinoo aliishi mjane aliyeitwa Mama Gathoni. Alikuwa mwembamba, mcheshi kwa watu na mkali kwa kuku. Boma lake lilizungukwa na ua wa kaiyaba, ile miiba ambayo hata mbuzi huipigia mahesabu, na shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba, halionekani kutoka njiani. Upande ule wote yeye ndiye aliyekuwa mama wa mbegu.

Nieleze maana yake. Kabla ya kuvuna, Mama Gathoni alipita shambani na vipande vya kitambaa, akifunga mashina yaliyompendeza. Mahindi ya mashina hayo aliyatundika na maganda yake juu ya mafiga, moshi uyakinge na wadudu. Mvua ya masika ikikaribia, aliyashusha, akayapukuchua kwa mkono wake, punje za kichwani na za kitakoni akazitenga za githeri, za kupikwa na maharagwe, na zile za katikati, zinazolingana, akazigawa. Hakuuza. Kwake mbegu haikuwa kitu cha kuuza. Kila mwanamke aliyeolewa mteremko ule alianza shamba lake kwa mbegu ya jikoni kwa Mama Gathoni, na watu walisema ana mkono. Mkono wake ukichagua, hata udongo mbaya unatii. Nilipolisikia mara ya kwanza nilitabasamu, kisha nikatazama mahindi yake, nikaacha kutabasamu.

Mwaka mmoja mwanawe aliyefanya kazi mjini alimletea pakiti ya haibridi, halali kabisa, kutoka duka la Ngara. Mama akaipanda ili asimvunje mwana moyo. Mahindi yakatoka yamelingana kama gwaride, kila shina na hindi lililojaa mpaka ncha. Watu walitoka Kinoo kuja kuyatazama. Mama Gathoni alifurahi kiasi kwamba yale mahindi yake ya zamani, ya urithi wa mama mkwe, aliyapika githeri yote. Kwa nini ayaweke tena? Kisha akafanya lile alilofundishwa tangu utotoni. Akachukua vitambaa vyake, akachagua yaliyo bora kati ya yaliyo bora, akayatundika juu ya mafiga.

Masika iliyofuata maduka yalikuwa hayaaminiki kwa sababu ya zile mbegu za rangi, na chama cha akina mama wa mteremko ule kikaamua kwa sauti moja kwamba mbegu itatoka kwa Mama Gathoni. Akawagawia wote. Mimi nilikuwa nimetumwa kozi, na niliporudi mahindi yalikuwa yameshaota.

Mwenyekiti wa chama aliitwa Mama Shiru, mwanamke mnene wa sauti iliyovuka mabonde bila kuhitaji simu. Alinifuata mpaka ofisini, na kwa Mama Shiru kumfuata mtu ilikuwa ishara kwamba mambo yameharibika.

"Bwana Shamba, kuja uone maajabu," akasema. "Hiyo mahindi yetu imelogwa ama tumepewa takataka. Sisi tunataka tu kujua ni gani."

Nilipofika kwake nilimwambia atangulie, nikamfuata. Sikuhitaji kwenda mbali. Shina moja lilikuwa limenipita kimo, la pili linanifika kiunoni. Hapa mbelewele zimekauka, pale ndiyo kwanza zinachomoza. Hili lina mahindi mawili, lile halina hata moja, limesimama tu kama mgeni asiyealikwa. Nikajua mara moja ninachokiona, na nilijua pia kilichokuwa kinategemewa. Akina mama wale hawakulima mahindi ya kukausha. Walilima mabichi, ya kuchomwa, na dalali alikuwa akinunua shamba zima likiwa limesimama, akalikata siku moja na kupakia gari. Dalali alikuwa ameshapita. Mama Shiru aliniigizia alivyomenya hindi moja baada ya jingine.

"Akaniambia, 'Mathe, hii siwezi beba. Hapa moja imekomaa, ingine bado ni maziwa, na hii haina kitu. Nitaambia wachomaji nini?' Akaenda zake. Na si kwangu tu, ni kwa chama yote."

"Mbegu mlitoa wapi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Kwa Mama Gathoni. Wote."

"Na yake imeshikaje?"

Wanawake waliokuwa wamekusanyika wakatazamana. "Tutajuaje?" akasema Mama Shiru. "Tangu mahindi ifike magotini amefunga geti. Hakuna mtu ameingia. Ukiita anakuja kuongea na wewe hapo nje, kwa njia. Sasa jiulize anaficha nini."

"Anaficha mazuri," akadakia mwingine. "Alijichagulia yake, sisi akatupea ile ya githeri."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema wa tatu, na wote wakaitikia kwa kichwa.

Penye wengi pana mengi, na mengi hayo yalikuwa yameshafika kanisani. Niliambiwa kwamba Jumapili Mama Gathoni aliketi kwenye benchi lake la siku zote na benchi likabaki na yeye peke yake. Mwari mmoja aliyeolewa mwezi uliopita alikuwa amekatazwa na mama mkwe wake kwenda kumwamkua. Miaka yote ile ya kugawa bure ilikuwa inafutwa na msimu mmoja. Niliumia, na nilikuwa bado sijamwona mwenyewe.

Nilikwenda kwake siku iliyofuata. Alinifungulia geti kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni, akanikaribisha, akanipikia chai. Tukazungumza kuhusu kuku, kuhusu magoti yake, kuhusu mwanawe. Nilipomwomba twende shambani, akaongeza sukari kwenye kikombe changu ambacho tayari kilikuwa na sukari.

"Shamba liko sawa, Bwana Shamba."

"Mama, nimetoka kwa Mama Shiru."

Alitazama uchaga ulio juu ya mafiga. Ulikuwa mtupu. Kisha akasimama. "Haya. Wewe si mtu wa hapa, siku moja utaenda kwenu. Kuja."

Akatangulia. Nyuma ya nyumba yalikuwepo mahindi yaleyale, marefu kwa mafupi, makavu kwa mabichi, na kusema kweli yalikuwa mabaya kuliko ya Mama Shiru. Alikuwa amepanda mbegu ileile aliyowapa, kutoka kwenye kapu lilelile.

"Mama," nikamwambia, "hawa wanasema uliwaficha mazuri! Kwa nini usiwafungulie waone?"

Alinyoosha kiganja chake cha kulia, akakitazama kama mtu anayetazama mnyama aliyemlea na sasa ni mgonjwa. "Waone nini? Mkono wangu umekufa, Bwana Shamba. Nilichagua vile nimechagua maisha yangu yote. Mazuri, yaliyojaa. Ona. Mungu ameondoa mkono."

Sikuwa nimewazia kwamba mtu anaweza kukubali kuitwa mchoyo ili asijulikane kwamba ameshindwa. Tulikaa kwenye ukingo wa shamba, nikamweleza habari za zile koo mbili na ndoa yao, watoto wanaofanana na wajukuu wasiofanana. Nilimweleza polepole, na kwa mara ya kwanza nilieleza mpaka mwisho. Alisikiliza akichuma magugu kwa vidole.

"Kwa hivyo," akasema mwishowe, "nimepanda mababu ya watu siwajui."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Na mkono?"

"Mkono ni mzima. Ulichagua vizuri kabisa. Ni hii mbegu ndiyo si ya kuchaguliwa."

Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona kwamba amenisikia kama mtu anavyomsikia daktari anayemwambia mgonjwa atapona. Aliponisindikiza getini akanishika mkono. "Usiambie mtu umeona." Nikasema sitasema, na ufunguo ukageuka nyuma yangu.

Hapo ndipo niliponaswa. Neno moja kutoka kwangu lingemsafisha: yake ni kama yenu. Na neno hilo sikuwa na ruhusa ya kulisema. Nilimpelekea Bwana Wafula shida yangu, nikitumaini kwamba kama ndiye aliyeitunga kanuni, ndiye atakayeilegeza. Alikoroga chai mpaka nikataka kumnyang'anya kijiko.

"Ua ni wake," akasema. "Wewe fundisha mahindi. Habari za Mama Gathoni usizifundishe."

Kwa hiyo nikaitisha mkutano shambani kwa Mama Shiru. Chama kizima kikaja, na waume wachache waliojifanya wanapita. Mama Gathoni nilimpelekea mwaliko kama kila mtu, ila sikumtegemea.

Nilianza na shimo moja. Tulipanda punje mbili kila shimo, kwa hiyo nilitafuta shimo ambalo shina moja ni refu lisilo na kitu na la pili ni fupi lenye mahindi mawili, nikayang'oa yote mawili na udongo wake. "Hawa wamelala kitanda kimoja," nikawaambia. "Samadi ni moja, mvua ni moja, jembe ni moja. Kama ni uchawi, ungempata huyu ukamwacha huyu?" Wakacheka kidogo. Kisha nikapasua mashina kwa kisu changu, nikawaonyesha ndani hamna kiwavi. Nikaeleza ndoa ya koo mbili na wajukuu wake. Mama mmoja akasema hata kwake iko hivyo: watoto wote ni warefu, mjukuu ni kama kifuniko cha sufuria. Sasa wakacheka sawasawa, nami nikadhani nimeshinda.

Mama Shiru hakucheka. "Sawa, tumesikia," akasema. "Mbegu ya duka hairudiwi, na sasa tumejua sababu. Lakini yeye alipanda hii yetu ama alijichagulia ingine? Wewe uliingia huko, Bwana Shamba. Tulikuona ukiingia. Yake ikoje?"

Kila mtu akanitazama. Nikakunja kisu, nikakikunjua. Ukimya wangu ulikuwa unamhukumu, nami nilijua, na sikuwa na la kufanya. Mwanamke mmoja akaguna, "Si mnaona."

"Bwana Shamba hawezi sema ya kwangu. Nilimkataza."

Sauti ilitoka nyuma. Mama Gathoni alikuwa amesimama karibu na njia, kitambaa kichwani, leso kiunoni. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Alitoa ufunguo shingoni.

"Kujeni mjionee," akasema, akageuka.

Tulimfuata mteremkoni, mstari mzima. Mama Shiru, ambaye hajawahi kutembea nyuma ya mtu maishani, alitaka kumpita. Nikamshika mkono wa sweta. "Mwenye shamba atangulie," nikamwambia, na kwa mshangao wangu alitii.

Alifungua geti, akazunguka nyumba, akasimama kando ya mahindi yake ili yaonekane. Nilisikia majani yakikwaruzana.

"Hiyo ni ile nilimpatia kila mtu," akasema. "Kapu ni moja. Mlisema mimi ni mchoyo, na nikaacha mseme. Mchoyo anaweza kubadilika. Mkono ukikufa, unafanya nini?"

Mama Shiru aliingia katikati ya mistari. Akavunja hindi moja, akalimenya. Lilikuwa na punje za kuhesabika, zimetawanyika kama meno ya mzee. Akavunja la pili, likawa baya zaidi. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Ngai! Hii ni mbaya kushinda yangu!" Akacheka mpaka akashika shina asianguke, na wote wakapasuka, hata Mama Gathoni, akijifuta macho kwa pembe ya leso. Kisha Mama Shiru akarudi alipokuwa Mama Gathoni, akasema bila sauti yake kubwa, "Mama, tumekukosea. Mimi ndiye wa kwanza." Jumapili iliyofuata, niliambiwa, benchi lilijaa mpaka watu wakabanana.

Mahindi yenyewe hayakupotea yote. Kwa kuwa hayakukomaa pamoja, akina mama waliyavuna machache kila siku na kuyapeleka wenyewe kwa wachomaji wa barabarani Kinoo, msimu ukarefuka. Haikuwa kama kumuuzia dalali, ila moto wa jikoni haukuzima. Nami nilimtafutia Mama Gathoni mbegu ya aina isiyo chotara, ile inayoweza kurudiwa, akaipanda pembeni ili vitambaa vyake vipate kazi. Niliridhika. Niliandika katika ripoti kwamba wakulima wameelewa, na wamekubali kununua haibridi mpya kila msimu.

Masika iliyofuata, siku mawingu yalipoanza kukaa chini, nilipita kwa Mama Gathoni nikakuta geti wazi na chama kizima kimeketi jikoni. Mbele yao, juu ya meza, kulikuwa na pakiti za haibridi kutoka dukani, zimepangwa, hakuna iliyofunguliwa.

"Mnangoja nini?" nikauliza.

"Kufunguliwa," akasema Mama Shiru, kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huketi kanisani.

Kitaalamu haikuwa na maana yoyote. Punje zile zilikuwa zimeshachaguliwa na mashine, zimelingana, hazikuhitaji mkono wa mtu. Nilichoona haraka ni kwamba zimepakwa dawa, sumu, nikasema siwezi kukubali azishike. Avae mfuko wa nailoni mkononi.

Mama Gathoni alinitazama kwa huruma. "Bwana Shamba, mbegu ikishikwa na nailoni, itajua imeshikwa na nani?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukapatana: atafungua pakiti kwa mkono mtupu, atamimina kwenye kapu la mwenye pakiti bila kugusa punje, kisha atanawa kwa sabuni nikimwona. Nikampa kisu changu. Akaikata ya kwanza mdomoni, akamwita mwenyewe kwa jina, akamimina. Ya pili, akaita, akamimina. Yule mwari aliyekuwa amekatazwa kumwamkua alipokea yake kwa mikono miwili.

Zilipoisha, akakunja kisu akaninyooshea. Sikukipokea. Mkobani nilikuwa na pakiti yangu mwenyewe, ya mbegu ya sehemu kavu, niliyoinunua Ngara asubuhi hiyo kwa ajili ya shamba letu la Machakos. Niliitoa, nikaiweka mezani.

Mama Shiru akaanza kucheka. Mama Gathoni hakucheka.

"Hata wewe, Bwana Shamba?"

"Hata mimi, mama."

Akakikunjua kisu tena.